Usisaini Mpaka Barua Yangu Ifike

Tarehe 3, mwezi wa sita

Mama,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia. Mimi mzima. Mgongo unauma lakini huo si ugonjwa, huo ni mgongo. Mama yako anagomba toka asubuhi, kwa hiyo jua na yeye ni mzima kweli kweli. Mchumba wangu, huyo mjukuu wangu, anaendeleaje? Mwambie bwana wake anauliza.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, herufi kubwa kama za kuandika kwenye tangi la maji. Simu usipige. Masikio yangu nyundo imeyamaliza, nikiweka simu nasikia zii tu, na mama yako akinipokelea ananipa nusu ya maneno, nusu nyingine anaificha ati presha isipande. Barua haifichi. Mumeo akipita na lori lake mpe, ataniletea.

Sasa sikiliza. Mumeo jana kasimama hapa mlangoni, kofia mkononi, anazungushazungusha maneno. Mwisho ndiyo akanieleza kwamba huko hospitali wanataka kumwingiza mchumba wangu waya kwenye paja uende mpaka kwenye moyo. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamuuliza na nyinyi mmekubali? Akasema baba, tunasubiri wewe useme.

Mimi nasema hapana.

Nimezibua mabomba miaka arobaini na moja. Hospitali ya hapa, benki, shule zote tatu, maji yao yanapita kwa sababu yangu. Waulize. Hakuna anayejua waya ndani ya bomba kunishinda na sijawahi kutoboa bomba la mtu, hata moja. Kwa hiyo nikisema kitu juu ya waya watu wanyamaze. Waya ukiwa ndani fundi haoni, anapapasa. Kwenye kona unakwaruza. Penye wembamba ukisukuma kidogo tu zaidi ya kipimo umetokea upande wa pili. Na hilo ni bomba la chuma. Mtoto wa wiki saba mshipa wake ni nini? Ni uzi. Nani anaingiza waya ndani ya uzi?

Muulize huyo daktari maneno haya, na majibu uyaandike kama atakavyosema. Waya wake una unene gani na mshipa una unene gani. Njia anaionaje. Akikwama anafanya nini. Na damu anaifungia wapi, maana mimi siingizi waya kabla sijafunga koki. Moyo una koki?

Usisaini kitu mpaka barua yangu ifike. Umenisikia, mama.

Baba yako


Tarehe 6, mwezi wa sita

Shikamoo baba,

Na mama mwambie shikamoo yake iko hapa, asione imeliwa. Mimi sijambo, nimepungua usingizi tu. Mchumba wako anakusalimu kwa jicho moja, la pili limelala. Ana kilo tatu na nusu na kidogo. Kitanda chetu ni cha sita, karibu na dirisha, na juu yake kuna kimashine kinacholia tii, tii. Mwanzoni kilikuwa kinanikera. Sasa kikinyamaza hata kidogo nasimama.

Baba, ngoja nikueleze ugonjwa wenyewe, maana naona mume wangu kakueleza waya peke yake. Moyo una milango. Ule mmoja unaotoa damu kwenda mwilini, kwa mchumba wako ulizaliwa umegandana, umebaki tundu dogo. Moyo unasukuma, damu haipiti vizuri. Ndiyo maana akinyonya mara tano anaacha, anatoka jasho kwenye paji la uso kama mtu aliyeshusha gunia. Mlango usipofunguliwa moyo utachoka.

Daktari wake ni mwanamke, naona hata mimi ni mkubwa kwake. Anavaa raba na ana kalamu nne mfukoni. Nilimsomea barua yako. Kwenye koki alicheka, halafu akaacha kucheka, akavuta kiti. Akasema, "Babu kauliza kama mtu wa kazi. Namjibu kama mtu wa kazi."

Haya ndiyo majibu yake. Waya ni laini, ncha yake imepinda ili isichome. Juu ya waya unapita mrija, unene wake haufiki njiti ya kiberiti. Mshipa wa paja nao haufiki njiti mbili. Njia anaiona kwenye kioo, kwa eksirei na dawa ya rangi wanayoichoma ndani ya mrija. Mrija ukifika mlangoni wanajaza kiputo kidogo, kinasukuma mlango ufunguke, wanakitoa upepo haraka. Akikwama anarudi nyuma. Koki hakuna. Moyo haufungwi, kazi inafanyika ukiwa unapiga, na zile sekunde puto limejaa damu haipiti kabisa. Akasema, "Hapo na mimi huwa siongei."

Halafu akanitajia hatari, kwa vidole. Mshipa wa paja unaweza kuziba kwa sababu ya udogo, mguu ukakosa damu. Waya unaweza kutoboa. Moyo unaweza kupoteza mapigo. Mlango unaweza kuchanika, damu ikawa inarudi nyuma. Donge la damu linaweza kwenda kichwani. Dawa ya rangi inaweza kuchosha figo. Mkono mmoja ukaisha akaingia wa pili. Nikamwomba aache. Akasema, "Bado kimoja, mama, na lazima ukisikie kutoka kwangu." Akakitaja. Sitaki kukiandika.

Fomu iko chini ya mto wangu. Sijasaini.

Binti yako


Tarehe 9, mwezi wa sita

Mama,

Salamu zako zimefika, za mama yako nimempa zote sikukata. Tuko wazima.

Nimesoma majibu. Amejibu vizuri, sikatai, ana ulimi wa fundi. Lakini mtu anayefanya kazi bila koki mimi simpi hata bomba la choo, nimpe mchumba wangu?

Mwambie hivi. Bomba likiwa la maana fundi wa kweli hapapasi, anavunja ukuta. Anaona kwa macho yake, anarekebisha, anajenga tena. Wampasue wauone huo mlango, wauzibue kwa mkono. Kovu si kitu. Mimi nina makovu kumi na moja na nimeoa mwanamke mzuri.

Mama yako kasoma hapo begani kwangu akasema, "Wewe unaogopa tu." Nikamwambia mimi siogopi, mimi najua. Akasema, "Ukiogopa huwa unajua sana." Basi tukaachana hapo, kila mtu na chumba chake.

Nina swali la mwisho, na hili ndilo litakaloamua. Muulize amewahi kutoboa wangapi. Asizunguke. Aseme kama ninavyosema mimi, hata mmoja. Akiweza kusema hivyo mbele yako bila kupepesa, nitafikiria.

Usisaini.

Baba yako


Tarehe 12, mwezi wa sita

Shikamoo baba,

Habari za nyumbani? Za huku si nzuri, ila tupo.

Kumpasua kifua, daktari anasema inawezekana, lakini inabidi moyo usimamishwe na mashine ishike kazi yake. Kwa uzito alio nao na udhaifu alio nao anaogopa mashine hiyo kuliko mrija. Amesema kama mrija ukishindikana ndipo watapasua. Si kwamba hawajui kuvunja ukuta.

Swali lako nilimuuliza akiwa amesimama. Akakaa. Nikaona nimemkosea adabu. Kisha akasema, "Mwambie baba siwezi kusema hivyo."

Baba, akanieleza. Wengi wamepona mikononi mwake, wanakuja kliniki wanakimbizana koridoni. Lakini kulikuwa na mtoto wa kiume wa siku kumi na tisa. Waya ulikataa, yeye akajaribu tena, na tena, ukatoboa. Damu ikajaa kuuzunguka moyo. Walimpasua palepale, hakuamka. Na kuna msichana, mguu wake ulikosa damu muda mrefu, sasa mmoja ni mfupi kuliko mwingine, anavaa kiatu chenye soli nene. Kila mwaka anakuja, na kila mwaka daktari anampima mwenyewe, hamwachii mtu. Akaniambia siku walizozaliwa wote wawili, bila kutazama karatasi yoyote. Akasema, "Toka yule mtoto, njia ikinikatalia mara tatu natoka. Namwita mwenzangu ashike. Sioni haya."

Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Mchumba wako sasa ana mrija wa maziwa puani, kunyonya kumemshinda. Anahema kama kifaranga. Midomo ina rangi ya majivu. Daktari anasema kila siku inayopita anazidi kuwa mgumu kufanyiwa kazi, tusivuke wiki hii. Naweza kusaini peke yangu, kaniambia wazi. Mume wangu naye anasema akisaini bila neno lako atakuangalia usoni vipi.

Sijawahi kukuruka, baba. Hata shule uliyonichagulia nilisoma hiyohiyo. Lakini andika. Lolote, andika.

Binti yako


Tarehe 15, mwezi wa sita

Mama,

Mimi mzima. Mama yako mzima ila tunagombana toka juzi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilipandisha hasira. Nikasema si mnaona, ameua. Nikataka kuandika hapana moja kubwa ijaze ukurasa. Natafuta kalamu, kumbe mama yako kaikalia. Nikamwambia inuka. Akasema, "Mwandikie mwanao habari za mshona nguo, ndipo nitainuka."

Wewe ulikuwa hujaanza shule. Kulikuwa na mama mmoja mshona nguo, chumba chake nyuma ya duka la viatu. Bomba lake liliziba ukutani. Nikaingiza waya, ukafika mahali ukakataa. Nikavuta, nikarudisha, ukakataa. Majirani wamesimama wanatazama, na mimi ndiye mimi. Nikaweka bega. Ukapita. Nikawaambia mmeona.

Lakini mkono ulijua. Bomba likizibuka waya unakuwa mwepesi huku unatetemeka. Ule ulikuwa mwepesi kimya, kama uko hewani. Nilikuwa nimetoboa niko kwenye matofali. Nikakusanya vifaa nikaondoka. Wiki ya pili ukuta ukamwaga. Cherehani, vitambaa, nguo za watu alizokuwa ameahidi, vyote majini. Akaniita. Nikasimama mle ndani viatu vimelowa nikamwambia fundi aliyenitangulia ndiye aliyeharibu. Akaniamini yule mama. Akahama, sijui alikwenda wapi.

Toka siku ile ndiyo nikaanza kusema sijawahi kutoboa hata moja. Kabla yake nilikuwa sisemi. Sikuwa na haja ya kusema.

Huyo binti wa kalamu nne anazikumbuka siku walizozaliwa. Mimi jina la mshona nguo limenitoka. Na akikataliwa anatoka, mimi niliweka bega. Basi nimtafute fundi gani tena? Yule wa kuniambia hajatoboa hata mmoja? Huyo atakuwa ni mimi, na mimi simpi mchumba wangu.

Saini. Nimekubali, na mumeo nimemwambia kwa mdomo pia. Mwambie daktari asisukume ili anifurahishe mimi. Akikataliwa atoke.

Mumeo ameshawasha injini. Nimemwambia asisimame popote.

Baba yako


Tarehe 19, mwezi wa sita

Shikamoo baba,

Barua yako haijafika. Mume wangu alitakiwa kuwa hapa juzi, simu yake haipatikani. Nilimpigia mama, naye akasema ulishaandika, halafu simu ikakatika kabla sijauliza umeandika nini, na sikumpata tena.

Leo asubuhi mchumba wako alipauka mikononi mwangu. Hakulia. Kimashine kililia badala yake. Nesi akamchukua, kitanda kikajaa migongo, nikawa naona kisigino kimoja tu. Walipomrudisha kwenye kupumua daktari akanijia na fomu. Akasema, "Mama, leo simsubiri babu."

Nikasaini. Zile hatari zote zimeandikwa mstari kwa mstari na kila mstari una kisanduku cha kuweka tiki. Nimetia tiki zote, na kile cha mwisho. Nimekuruka, baba. Ukitaka kukasirika kasirika, mimi nilikuwa na dakika moja.

Sasa niko kwenye benchi. Mbele yangu kuna mlango wa chuma wenye kidirisha, wamekibandika karatasi. Wamemchoma dawa ya usingizi nikiwa nimemshika. Kichwa kikawa kizito ghafla, nikafikiri ndiyo kaenda, nesi akasema hapana, huo ni usingizi. Mfagizi anapiga deki kuzunguka miguu yangu, haniambii niisogeze. Naandika ili mikono iwe na kazi. Saa ya kwanza imepita. Kila mtu anayetoka mlango ule namtazama viatu, nikiona si raba nashusha pumzi, sijui kwa nini.

Ametoka. Baba, ametoka. Njia ilikataa mara mbili, daktari akarudi mara mbili, ya tatu ikapita. Puto limejazwa mara mbili na mlango umefunguka. Midomo ina rangi ya mdomo. Nimecheka kama mwehu, nesi naye akacheka. Halafu akamshika mguu wa kulia akaacha kucheka.

Mguu ni baridi. Ni mweupe kuanzia pajani. Wanaweka kimashine kidogo kwenye wayo kutafuta mapigo, kinakoroma tu.

Tarehe 20. Naendelea. Bado baridi. Mshipa umeziba palipopita mrija, ile hatari ya kwanza kabisa kwenye vidole vya daktari. Wanampa dawa ya kulainisha damu kwa dripu, tone kwa tone, na dawa hiyo ikizidi damu inaweza kuvuja kichwani, kwa hiyo kila saa wanamwangalia macho. Daktari hajarudi kwake. Amesema mguu ukichelewa sana utabaki nyuma kukua, na ukichelewa kuliko hapo, basi. Hakumaliza.

Mume wangu amefika sasa hivi. Ekseli ilivunjika, amelala njiani siku tatu, barua yako iko kifuani kwake. Nimeisoma nimekaa sakafuni.

Baba, ulisema barua haifichi, kwa hiyo sifichi. Nilimuuliza daktari kama tungefanya wiki ile ya kwanza ingekuwaje. Hakutaka kujibu. Nikamlazimisha. Akasema mtoto angekuwa na nguvu zaidi na mrija usingekaa mshipani muda wote ule. Akasema hawezi kuapa kwamba mguu usingeziba. Lakini amesema.

Mimi ndiye niliyesubiri. Tusigombanie hilo.

Mume wangu anageuza lori anakuja kukuchukua. Usijibu. Panda.

Binti yako


Tarehe 22, mwezi wa sita, kwenye benchi lako

Mama,

Shikamoo yako nitaipokea baadaye. Niko nje ya mlango. Nimefika mchana huu, mlinzi kasema kuingia ni saa kumi, nikamwambia mimi nimeweka mabomba ya hospitali kubwa kuliko hii, akasema hata hivyo ni saa kumi. Nesi kanihurumia, amesema niingie tu taratibu. Nimemwomba kwanza akupelekee karatasi hii.

Siwezi kuingia. Mama yako alisema kweli. Mimi naogopa. Lisome hilo neno mara moja halafu usinikumbushe.

Siku kumi na mbili niliwashikilia. Umeandika kwamba wewe ndiye uliyesubiri. Ulisubiri kwa sababu nilikuambia. Siku hizo ni zangu, usizichukue.

Njiani mumeo hakusema kitu, na mimi sikumuuliza, na kama angesema nisingesikia. Niambie wewe. Kama mguu umepata joto andika hapa chini neno moja, ndiyo. Kama haukupata usiandike kitu, mrudishie nesi karatasi tupu, nitajua, nitakaa kidogo halafu nitaingia.

Baba yako


Baba,

Paja lina joto. Goti lina joto toka jana jioni. Wayo ni vuguvugu, daktari amesikia mapigo mara moja, halafu yakapotea. Vidole bado.

Siwezi kuandika ndiyo na siwezi kurudisha karatasi tupu. Nimemshika toka asubuhi, mikono imekufa ganzi. Ingia unipokee.

Binti yako